Msomaji wa Volti

Katika ndoa yetu, kazi ya mume wangu ilikuwa kusema namba, na yangu ilikuwa kubonyeza. Yeye alisimama upande wa nyaya, mimi nikakaa upande wa kompyuta, na katikati yetu palikuwa na meza iliyojaa bisibisi, risasi ya kuchomelea na vikombe vya chai tulivyovisahau. Alishika mita ya kupimia volti, akagusisha ncha moja huku na nyingine kule, akasema, "Nne nukta tisa. Bado. Nne nukta tisa. Imetulia. Bonyeza." Nami nikabonyeza. Kwa miaka saba sikuwahi kubonyeza kabla hajasema.

Kabla hajanioa nilikuwa mchapaji katika duka la stesheneri pale Kibiti. Nilichapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na kadi za harusi za watu wengine. Yeye alikuwa fundi wa redio na sola kutoka kijiji cha Mkongo, na alikuja kuchapisha mchoro wa nyaya ambao hakuna aliyeuelewa pale dukani ila mwenyewe. Alikuwa na mikono ya ajabu na subira ya kuku. Akiandika programu alisahau nukta mkato mstari wa tatu, kisha akaitukana kompyuta mpaka adhuhuri. Mimi nukta za watu nilizizoea, nilikuwa nalipwa kuziona. Basi tulipooana tukagawana kazi bila kikao: nyaya zake, maneno yangu.

Kitu tulichokitengeneza ambacho watu wa Mkongo wanakijua ni mashine ya viboko, ya kuwafukuza wanyama hao wasile mpunga. Ni boksi la plastiki lenye ukubwa wa katoni ndogo ya sabuni. Linafungwa kwenye mti shambani, bondeni, pamoja na taa mbili za pikipiki na honi. Ndani mna chipu nyeusi yenye miguu ishirini na minane, na urefu wake haufiki kidole. Chipu hiyo ndiyo inayoamua taa ipi iwake, kwa muda gani, na honi ilie lini. Bila hivyo, mwenye mpunga bondeni hulala kwenye dungu, yaani kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, akapiga debe mpaka alfajiri. Wengi wanafanya hivyo mpaka leo.

Shida ya kiboko ni kwamba si mjinga kama umbo lake. Msimu wa kwanza alikimbia. Msimu wa pili alikuwa ameshajua zamu za taa zetu, akawa anakula mpunga wetu huku ameangaziwa kama yuko harusini. Ndipo tukagundua kwamba kila msimu, kabla mpunga haujatoa masuke, ni lazima niandike vurugu mpya, taa ziwake ovyo kwa utaratibu ambao hata mimi siukumbuki. Kisha tuipakie ile programu ndani ya chipu.

Kupakia ndiko kulikotaka namba. Chipu ikiwa inapokea programu, umeme wake haufai kuyumba hata kidogo. Ukishuka katikati, chipu inabaki na nusu ya maneno mapya na nusu ya takataka, na wakati mwingine haikubali tena kusemeshwa. Na betri yetu ilikuwa kuukuu, ilishatumika kwenye bodaboda kabla ya kuja kwetu, wingu likipita juu ya paneli ya sola nayo inasinzia. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na masharti yake: umeme utoke upande mmoja tu, usitoke kwenye betri na kwenye kompyuta kwa pamoja; upimwe pale pale kwenye miguu ya chipu na si kwenye betri; na namba ikitulia, ahesabu mpaka kumi ndipo aseme neno lake. Nilikuwa namcheka. Nilimwambia anahesabu kama anacheza kombolela.

Alikufa mchana wa siku ya kawaida. Alikuwa mezani anapima taa ya mteja inakula umeme kiasi gani. Akasema, "Mbona mkono mzito," akakaa chini polepole, kama mtu aliyeamua kupumzika. Majirani walimpakia kwenye gari la mizigo kumpeleka hospitali. Hawakufika Ikwiriri. Kesho yake alizikwa, nami nikavishwa nguo nyeupe nikaingia ndani kukaa eda, miezi minne na siku kumi.

Sikulia. Naliandika hili kwa sababu watu walikuwa wanalisubiri. Wanawake waliokuja kunipa pole walinitazama usoni kama watu wanaosubiri sufuria ichemke, na mimi nikawa nahesabu sahani, zimetoka ngapi, zimerudi ngapi. Mwili wangu wote ulikuwa kama mkono uliolaliwa. Nilijua upo, niliuona ukila na kuoga, ila ulikuwa na ganzi. Mtu akinishika bega nilihitaji kutazama ili nijue ni bega lipi.

Mara moja tu nilipaza sauti. Shangazi wa marehemu, mwanamke mkali aliyekuja kunisimamia eda, alichukua ufagio akaelekea chumba cha mbele ili aisafishe ile meza. Nilimfokea asiguse kitu. Akaacha, akanisamehe kwa sababu ya nguo zangu nyeupe. Meza ikabaki vile vile alivyoiacha mwenyewe, mita juu yake, nyaya zake mbili zimechomekwa, mwekundu na mweusi. Nilipita pale kila siku, nikaangalia tu.

Aliyekuwa anahangaika ni mama mkwe wangu. Marehemu alikuwa kitinda mimba wake, na ndiye pekee aliyebaki kijijini, wengine wako Dar es Salaam na hawarudi ila kwa misiba. Shamba la bondeni ni la mama. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, na mashine ya viboko ilikuwa bado nyumbani, ina programu ya mwaka uliopita, ambayo kila kiboko wa Mkongo anaijua kwa moyo. Kwa hiyo baada ya arubaini mama alianza kwenda kulinda mwenyewe. Kila siku, jua likianza kupoa, alifunga mkeka wake, debe, tochi na sufuria ndogo ya uji, akaondoka akichechemea, maana mguu wake wa kulia una matatizo ya siku nyingi. Alirudi asubuhi umande ukiwa bado kwenye kanga yake. Alikuwa ameshapita miaka sitini.

Wiki moja kiboko aliangusha dungu la jirani. Alijikuna tu kwenye nguzo, nguzo ikakatika. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa amekwenda nyumbani kula. Mama alinisimulia hayo huku anamenya muhogo, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya dagaa.

"Na la kwetu, nguzo zake zikoje?" nikamuuliza.

"Za mwaka juzi."

"Mama, usiende tena."

"Sasa mpunga uliwe? Tutakula nini, hizo waya?"

Sikuwa na machozi lakini hesabu nilikuwa nayo. Niliona wazi kwamba mama akiendelea kulala juu ya nguzo zile, siku moja nitaletewa habari nikiwa nimekaa juu ya mkeka ule ule. Watoto wa kumsaidia hawapo, majirani kila mtu ana shamba lake. Kilichobaki ni mashine. Nikaifungua kompyuta kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaandika vurugu mpya kwa siku mbili. Niliandika vizuri kabisa. Ganzi haikuzuia nukta mkato.

Kupakia sasa. Rafiki wa marehemu, fundi wa Ikwiriri, alikuja kutoa pole ya pili, akakaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la dirisha, na shangazi akakaa katikati yetu kama mlango. Nikamweleza fundi shida yangu. Shehe alikuwa ameshasema kwamba mjane mwenye dharura anaruhusiwa mambo fulani fulani, lakini shangazi wa mume wangu ni mkali kuliko kitabu. Mwanamume kukaa chumba kimoja na mimi, tena mezani, tena siku nzima, hakutaka hata kulisikia.

"Basi nipeni boksi na kompyuta niende navyo," alisema fundi.

"Programu hii sijaimaliza kuijaribu," nikamjibu. "Ikikataa utaijuaje?"

Akafikiri. Nikasikia anakuna ndevu. "Kweli, shemeji. Maneno yenu nyie siyajui. Lakini nisikilize. Usipakie bila mtu wa kukusomea mita. Betri ile naijua, ina usingizi."

Alipoondoka, mama mkwe wangu, aliyekuwa pembeni anapepeta mchele, akauliza, "Kusoma mita ndio kufanyaje?"

"Kutaja namba, mama."

"Namba nazijua. Simu napiga mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyoingia chumba cha mbele mimi na yeye, asubuhi moja yenye jua zuri. Niliweka boksi wazi juu ya meza. Nikaunga betri. Nikaunga waya wa kompyuta, wa kupitisha maneno tu na si umeme. Kisha nikainyanyua ile mita kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, nikazungusha swichi yake kwenye volti, na nyaya zake nikaziacha kama zilivyokuwa. Sikutaka kuchomoa kitu alichokichomeka yeye. Nikampa mama ncha mbili, nyekundu na nyeusi.

"Tuanze hapa umeme unapoingilia," nikamwambia. "Nyekundu kwenye waya mwekundu, nyeusi kwenye mweusi. Halafu unaniambia namba."

"Haya."

Sasa, kosa langu la kwanza lilikuwa hili: sikusubiri namba. Nilikuwa nimeshaweka kidole, na mkono wangu ulizoea kwamba mwenye mita akishasema neno lake, kinachofuata ni kubonyeza; ile 'haya' ya mama ikautosha. Miaka saba. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye kioo cha kompyuta, na wakati huo huo mama akagusisha.

Cheche ilitoka kubwa, ya bluu. Mama alipiga kelele. Nyaya za mita zilianza kutoa moshi na zimeng'ang'ania pale, na mimi nikavuta waya wa betri kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. Harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Shangazi akaingia mbio akauliza kama tumepatwa na shetani.

Vidole viwili vya mama vilikuwa vimeungua, cha shahada na gumba. Nilimtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, nikaukalisha humo, nikaushika. "Umeme wa mwanangu una meno," alisema, akajaribu kucheka.

Ile chipu niliita mara tano kutoka kwenye kompyuta. Haikujibu tena.

Baadaye, mama alipokwisha kupakwa shubiri na kulazwa, nilirudi kuangalia kilichotokea, na haikuchukua muda. Mita ya mafundi ina matundu matatu ya kuchomekea nyaya. Mweusi una tundu lake siku zote. Mwekundu una mawili: moja la kupimia volti, na jingine la kupimia ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita. Mume wangu alipokufa alikuwa anapima taa ya mteja, ampea. Waya mwekundu alikuwa ameuchomeka huko. Na ukiwa huko, swichi ya mbele uizungushe utakavyo, mita si mita tena, ni kipande cha waya tu. Ukigusisha ncha zake kwenye chanya na hasi umeziunganisha uso kwa uso. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa hilo wiki ya kwanza. Hata mimi nilikuwa nalijua.

Halafu nikatazama fyuzi. Pale umeme unapoingilia kwenye boksi palikuwa na kishikio cha fyuzi, na fyuzi ingekatika mara moja na mama asingeungua. Ndani ya kishikio hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na uzi wa waya wa shaba, umekunjwa mara mbili vizuri, kazi safi kabisa. Kila fundi wa huku anafanya hivyo fyuzi ikiungua na duka liko mbali. Lakini huyu alikuwa mtu wa kuhesabu mpaka kumi. Huyu ndiye aliyenizuia nisibonyeze hata nilipokuwa na njaa.

Nikamkasirikia. Niliona hasira inapanda kutoka miguuni, na nikashangaa, kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu kitu chochote kipande ndani yangu. Nilimwambia kwa sauti, chumba kitupu, "Umemuunguza mama yako." Kisha nikajua kwamba huo ni uongo nusu. Aliyeigeuza meza kuwa kaburi la kutembelewa ni mimi. Nilikataa hata vumbi lake lisifutwe, na katika vile nilivyovihifadhi kulikuwa na mtego. Nikashika ule waya mwekundu nikauchomoa kwenye tundu la ampea nikauchomeka kwenye la volti. Ni kazi ya nusu dakika. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri ndipo nikaifanya. Ilipokwisha, ganzi ikarudi mahali pake.

Jioni ile mama alifunga mkeka wake kwa mkono mmoja akaenda kulinda.

Chipu ya akiba ilikuwepo moja, ndani ya kiberiti kwenye rafu. Moja tu. Nyingine zilitaka mtu aende Kariakoo anayejua kuzitaja, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Ikiungua hii, mama atalala kwenye dungu mpaka mavuno. Kwa hiyo safari hii nilikaa siku tatu bila kugusa umeme. Nilikata nyaya za mita zilizoungua nikatia ncha mpya. Nilitoa ule uzi wa shaba, nikaweka fyuzi ya kweli niliyoitoa kwenye redio mbovu. Nikatafuta vibanio viwili vyenye meno, vile vya kubania nyaya, ili asiwepo mtu wa kushika ncha kwa mkono. Vyote hivyo vilikuwa humo humo kwenye droo zake.

Mama alipoona namtayarishia kiti alisimama mlangoni.

"Mie tena?"

"Safari hii hushiki kitu. Unakaa hapa, hatua mbili kutoka mezani, unasoma tu."

"Na vidole vyangu naviweka wapi?"

"Vikalie."

Akavikalia kweli. Kwanza nilimpimia betri ndogo ya saa ya ukutani, ambayo kila mtu anajua ina volti moja na nusu, ili tuwe na uhakika kwamba mita inasema kweli. "Moja nukta tano," akasoma. Vizuri. Nikazima kila kitu, nikachomeka ile chipu ya akiba, nikabana vibanio kwenye miguu yake pale volti tano zinapofika, nikahakikisha havigusani, nikaondoa mikono, ndipo nikaunga betri. Hapakuwa na cheche wala moshi. Namba zikatokea.

"Nne nukta tisa," alisema mama. "Nne nukta tisa. Nne nukta nane. Inashuka, mwanangu. Nne nukta sita."

Nikaondoa kidole kabisa kutoka kwenye kompyuta nikakiweka mapajani. Nje wingu lilikuwa linapita juu ya paneli, chumba kikawa na kivuli. Mama hakuacha kusoma. Alisoma kila namba hata isiyobadilika, taratibu, bila kuchoka, kama mtu aliyepewa uradi. Alisoma bora kuliko mwanawe, ambaye alikuwa anarukaruka. Wingu likapita.

"Nne nukta nane. Nne nukta tisa. Tisa. Tisa. Bado tisa."

Nikahesabu mpaka kumi, kimoyomoyo. Nikasubiri.

"Si imetulia?" akasema. "Bonyeza basi."

Nikabonyeza. Mstari wa kijani ulitembea mpaka mwisho. Mama akaendelea kutaja tisa, tisa, na taa mbili za pikipiki zikawaka juu ya meza, moja, kisha nyingine, kisha zote, honi ikalia, na yeye akaruka kutoka kwenye kiti akaita jina la Mola. Shangazi akaja tena mbio. Hatukumjali.

Zilipozimwa, mama alikaa akitazama mita.

"Ndivyo mlivyokuwa mnafanya humu?"

"Ndivyo."

"Miaka yote hiyo, 'bado, bado, haya bonyeza'? Mie nilikuwa nasikia kutoka jikoni nikidhani mnazozana."

Jirani aliifunga mashine pamoja na betri yake shambani siku hiyo hiyo. Kesho yake akaja kusema nyayo za kiboko zimefika ukingoni mwa shamba na kugeuka. Siku ya pili pia. Nikamwambia mama kwamba sasa mashine inalinda, yeye alale nyumbani, kitandani, aupumzishe mguu. Nilisema kwa fahari. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichokimaliza bila mume wangu, na nilikuwa nimemtoa mtu juu ya nguzo mbovu.

Alikubali. Jioni ile jua lilipopoa, alisimama uani na mkeka wake mkononi, saa ile ile aliyozoea kuondoka, kisha akaurudisha ndani. Akakaa. Akamenya kitu. Akainuka akafagia palipofagiwa. Shangazi alikuwa jikoni, mimi sebuleni, wanawake wawili watatu wa pole walikuwa barazani wanazungumza, maana nyumba ya msiba haikosi watu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu, kabla ya magharibi, nilikwenda bafuni, kile kizuio cha makuti nyuma ya nyumba, nikakuta kuna mtu. Nilisikia maji yakimwagwa kutoka kwenye kopo, yakimwagwa bila kukoma, na chini ya sauti ya maji kulikuwa na sauti nyingine. Kupitia makuti nilimwona mama amechuchumaa na nguo zake zote, anamwaga maji chini pembeni yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshindilia kanga mdomoni. Alikuwa anamlilia mwanawe.

Nilirudi nyuma bila kukanyaga jani. Nikaelewa mambo ya wiki zote zile kwa mara moja. Yule mama hakuwa analinda mpunga peke yake. Mchana kutwa nyumba ilikuwa na watu wa kumwambia asubiri, ni kazi ya Mungu, asimtese marehemu kwa machozi, na ilikuwa na mimi, mjane mkavu asiyelia, ambaye mbele yake hata mama mzazi anaona aibu kulia. Kule kwenye dungu alikuwa peke yake na debe. Angeweza kupiga kelele kwa sauti yoyote aitakayo, na watu wangedhani anafukuza nguruwe. Mimi na mashine yangu tulikuwa tumemnyang'anya mahali pa kulilia. Iliniuma. Hilo naweza kulisema bila kupamba: iliniuma, nikaisikia, ndani ya ganzi yote ile.

Kesho yake, alasiri, nilimwita chumba cha mbele.

"Mama, nilikosea. Ile betri ni ya kusomwa volti kila siku. Isiposomwa itatuangusha."

"Si ulisema inajilinda?"

"Nilikosea."

"Mwambie jirani."

"Jirani anarukaruka namba. Wewe ndiye unayeweza. Nenda jua likianza kupoa, urudi kabla giza halijaingia."

Alinitazama. Ana macho madogo, makali, na sijui aliona nini. "Kusoma kunachukua muda gani?" aliuliza.

"Inategemea. Mara nyingine betri inataka kutulia kwanza. Unakaa tu kwenye dungu, unaisubiri. Hata saa nzima, mpaka ifike kumi na mbili nukta sita."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Watu wakiwa wengi hairidhiki."

Hilo la mwisho lilikuwa upuuzi mtupu, fundi yeyote angenicheka. Mama hakucheka. Alikwenda kuchukua kanga ya kujitanda, akapita mbele ya shangazi akamwambia anakwenda kwenye kazi ya volti, akatoka.

Alirudi magharibi inaadhiniwa. Uso ulikuwa umevimba, macho mekundu, sauti imemkauka. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu akasimama wima.

"Kumi na mbili nukta sita," alisema. "Imetulia."

Mita ilikuwa mbele yangu juu ya meza, mahali alipoisahau alasiri. Sote wawili tulikuwa tunaiona. Nikachukua daftari, nikaandika kumi na mbili nukta sita, nikamwambia kesho tena.